Nambari za oktali: Zinavyogeuzwa, na hatari ya sifuri ya mwanzo

NAMBARI 755 huandikwa kila siku na wasimamizi wa tovuti kote duniani, lakini wanapoiandika hawamaanishi mia saba hamsini na tano. Wanamaanisha saba, tano, tano: nambari ya mfumo wa nane, maarufu kama oktali, ambayo thamani yake katika hesabu ya kawaida ni 493.

Tofauti hiyo si ya wanahisabati pekee. Tarakilishi ikipewa 755 na kudhani kuwa ni nambari ya kawaida, faili ambayo mwenyewe alikusudia kuilinda yaweza kuachwa wazi kwa wageni kuiandika upya, huku yeye mwenyewe akinyimwa ruhusa ya kuisoma. Namna jambo hilo linavyotokea hubainika tu baada ya kuielewa hesabu yenyewe, ambayo kwa bahati njema haizidi kuzidisha, kugawanya na kujumlisha.

Thamani ya nafasi

Katika mfumo wa kumi, yaani desimali, tarakimu hupata thamani kutokana na mahali iliposimama. Nambari 1963 ina 3 katika nafasi ya mamoja, 6 katika makumi, 9 katika mamia na 1 katika maelfu. Kila hatua kuelekea kushoto huzidisha thamani mara kumi.

Oktali hufuata kanuni iyo hiyo, ila badala ya kumi huzidisha mara nane. Nafasi ya kwanza kutoka kulia ni ya mamoja, ya pili ni ya nane, ya tatu ni ya 64, ya nne ni ya 512 na ya tano ni ya 4096.

Tarakimu zinazotumika ni 0 hadi 7. Hakuna 8 wala 9, kwa sababu ile ile inayoufanya mfumo wa kumi ukose tarakimu moja inayosimamia kumi: idadi inapofika nane, nafasi ya mamoja hurudi sifuri na nafasi inayofuata ikaongezwa moja. Kwa hivyo baada ya 7 huja 10, baada ya 17 huja 20, na baada ya 77 huja 100.

Kanuni hiyo ni njia ya haraka ya kunasa kosa. Nambari 844, iliyoupa jina mfumo wa elimu ulioanzishwa nchini Kenya mwaka wa 1985, kamwe haiwezi kuwa ya oktali.

Kiswahili chenyewe huweza kumpoteza mwanafunzi hapa. Majina yetu ya nambari yamejengwa juu ya kumi: anayesema "kumi na mbili" ametaja kumi, kisha akaongeza mbili. Akiitamka 12 ya oktali hivyo, amekwisha kuigeuza kuwa kitu kingine kabla hajashika kalamu, kwa maana 12 ya oktali ni nane na mbili, yaani kumi kamili. Ni salama zaidi kutamka tarakimu moja moja: moja, mbili.

Wapo watu ambao lugha yao iliwaelekeza kwenye nane tangu zamani. Wayuki, wenyeji wa kaskazini mwa California nchini Marekani, walihesabu nafasi zilizo kati ya vidole badala ya vidole vyenyewe, na nafasi hizo ni nne katika kila mkono. Huko Sweden, mwanachuoni Emanuel Swedenborg aliandika mwaka wa 1718 kupendekeza hesabu ya nane ichukue mahali pa ile ya kumi, fikra iliyotokana na mazungumzo yake na Mfalme Charles wa Kumi na Mbili. Mfalme alifariki mwaka uo huo na pendekezo likafia hapo.

Kutoka oktali hadi desimali

Njia ya kwanza ni kuzidisha kila tarakimu kwa thamani ya nafasi yake, kisha kujumlisha. Mathalan, 157 ya oktali ina 1 katika nafasi ya 64, 5 katika nafasi ya nane na 7 katika mamoja. Hivyo ni 64, kuongeza 40, kuongeza 7. Jumla ni 111.

Nambari ikiwa ndefu, kukariri thamani za nafasi huchosha. Njia ya pili haihitaji kukariri chochote. Anza na tarakimu ya kushoto kabisa, izidishe kwa nane, ongeza tarakimu inayofuata, zidisha jibu kwa nane tena, ongeza inayofuata, na kadhalika hadi tarakimu ya mwisho, ambayo huongezwa tu bila kuzidisha tena.

Chukua 2746. Mbili mara nane ni 16, ongeza 7 upate 23. Hiyo 23 mara nane ni 184, ongeza 4 upate 188. Nayo 188 mara nane ni 1504, ongeza 6 upate 1510. Anayetaka kuhakikisha aifanye kwa njia ya kwanza: 1024, 448, 32 na 6 zikijumlishwa huleta 1510 ile ile. Hii ya pili ndiyo njia ambayo tarakilishi zenyewe hupendelea, maana huzisoma tarakimu kwa mpangilio zinavyoingia na haihitaji kujua mapema nambari ina urefu gani.

Kosa linaloonekana sana katika vitabu vya mazoezi ni kuzidisha kwa nane hata baada ya tarakimu ya mwisho. Jibu huwa kubwa mara nane kuliko inavyostahili, na mwanafunzi hashtuki kwa sababu hana mazoea ya kukadiria. Njia nyepesi ya kujikagua ni hii: nambari ya oktali yenye tarakimu tatu haiwezi kuzidi 511, na yenye tarakimu nne haiwezi kuzidi 4095.

Kutoka desimali hadi oktali

Safari ya kurudi ni ya kugawanya. Gawanya nambari kwa nane na uandike baki. Gawanya jibu kwa nane tena na uandike baki. Endelea hadi jibu liwe sifuri, kisha usome mabaki kutoka la mwisho hadi la kwanza.

Chukua 1963, mwaka ambao Kenya ilijipatia uhuru. Ukigawanya 1963 kwa 8 unapata 245, baki 3. Ukigawanya 245 kwa 8 unapata 30, baki 5. Ukigawanya 30 kwa 8 unapata 3, baki 6. Ukigawanya 3 kwa 8 unapata sifuri, baki 3. Mabaki yakisomwa kutoka chini kwenda juu ni 3, 6, 5, 3. Kwa hivyo 1963 ya desimali ni 3653 ya oktali.

Utaratibu wa kusoma kutoka chini una sababu yake. Baki la kwanza ni kile kilichosalia baada ya kuondoa mafungu yote ya nane, na kilichosalia hivyo ni mamoja. Mamoja hukaa kulia. Anayesoma kutoka juu kwenda chini atapata 3563, ambayo ni 1907 ya desimali, na atakuwa ameurudisha uhuru nyuma kwa miaka 56.

Sehemu zilizo baada ya nukta hufuata mantiki hiyo hiyo kwa upande wa pili. Nafasi ya kwanza baada ya nukta ni ya moja ya nane, na ya pili ni ya moja ya sitini na nne. Hivyo 0.34 ya oktali ni tatu ya nane kuongeza nne ya sitini na nne, yaani 0.375 na 0.0625, jumla 0.4375. Kurudi, badala ya kugawanya, zidisha kwa nane na uchukue kile kinachovuka nukta: 0.4375 mara nane ni 3.5, chukua 3, kisha 0.5 mara nane ni 4 kamili, chukua 4.

Si kila sehemu huwa tiifu kiasi hicho. Ukijaribu kuigeuza 0.1 ya desimali, utapata 0.0631463146314 na kuendelea, tarakimu 6, 3, 1 na 4 zikizunguka bila kukoma. Hali huwa iyo hiyo katika mfumo wa mbili ambao tarakilishi hutumia, na ndiyo sababu programu za uhasibu zilizoandikwa kwa uangalifu huhifadhi fedha kwa senti nzima nzima. Moja ya kumi ya shilingi haina umbo kamili ndani ya mashine, ila senti kumi zinalo.

Binari na heksadesimali

Hapa ndipo oktali inapodhihirisha faida yake. Tarakilishi huhifadhi kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1, na kila alama huitwa biti. Mfumo huo wa mbili huitwa binari. Biti tatu zikiwekwa pamoja huweza kupangika kwa namna nane: 000, 001, 010, 011, 100, 101, 110 na 111. Hizo ndizo 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6 na 7. Kila tarakimu ya oktali ni biti tatu, bila kupungua wala kuzidi.

Kwa sababu hiyo, kugeuza oktali kuwa binari hakuhitaji hesabu. Kunahitaji kunakili. Katika 3653, tarakimu 3 ni 011, 6 ni 110, 5 ni 101 na 3 ni 011. Ziunganishe, uondoe sifuri ya mwanzo, na 1963 katika binari ni 11110101011. Aliyewahi kujaribu kuigeuza 1963 moja kwa moja kwa kugawanya kwa mbili mara kumi na moja ataona nafuu iliyopo.

Kurudi kutoka binari, biti hukatwa tatu tatu kuanzia kulia. Zikipungua upande wa kushoto, sifuri huongezwa huko kushoto. Kukata kutoka kushoto ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa kuwa macho yetu husoma kuanzia huko. Nambari 11110101011 ikikatwa hivyo hutoa 111, 101, 010 na 11, yaani 7523, ambayo ni 3923 ya desimali.

Heksadesimali, mfumo wa kumi na sita, hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F kwa kumi hadi kumi na tano. Kila tarakimu yake ni biti nne. Kutoka oktali kwenda heksadesimali, basi, hakuna haja ya kupitia desimali, ingawa wanafunzi wengi huizunguka njia hiyo ndefu. Pitia binari: zitawanye biti tatu tatu, kisha uzikusanye nne nne, kuanzia kulia. Biti za 3653 zikikusanywa nne nne ni 0111, 1010 na 1011. Hizo ni 7, A na B. Jibu ni 7AB, na ukikagua, 7 mara 256, kuongeza 10 mara 16, kuongeza 11, ni 1963.

Ni mifumo hii miwili iliyoshindania nafasi katika vyumba vya tarakilishi vya karne iliyopita. Mashine nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilipanga biti zake kwa mafungu yanayogawanyika kwa tatu. Tarakilishi za IBM 704 na 7090 zilikuwa na biti 36 katika kila neno, ambazo ni tarakimu 12 kamili za oktali. PDP-8 ya kampuni ya Digital Equipment, iliyotolewa mwaka wa 1965, ilikuwa na biti 12, ambazo ni tarakimu nne.

Kisha IBM ikatangaza System/360 mwaka wa 1964, mashine iliyojengwa juu ya baiti ya biti nane. Nane haigawanyiki kwa tatu, lakini hugawanyika kwa nne, na heksadesimali ikaanza kutamalaki. Hata hivyo, mfumo wa Unix ulikuwa umeanza kuandikwa katika maabara ya Bell mwaka wa 1969 kwenye PDP-7, mashine ya biti 18. Waandishi wake walifikiri kwa oktali, nao wakaiacha humo. Mashine zile sasa ni za majumba ya makumbusho, lakini Linux na mifumo mingine iliyoiga Unix ingali inazungumza lugha hiyo ya nane.

Ruhusa za faili

Katika mifumo hiyo, kila faili huwa na ruhusa za watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Kila aina huweza kupewa au kunyimwa mambo matatu, yaani kusoma, kuandika na kutekeleza. Maswali matatu ya ndiyo au la ni biti tatu, na biti tatu ni tarakimu moja ya oktali. Kusoma kuna thamani ya 4, kuandika 2, na kutekeleza 1.

Ndiposa 755 ikawa maarufu. Saba ya kwanza ni 4 na 2 na 1: mwenye faili anaruhusiwa yote. Tano ni 4 na 1: kundi na wengine wanaweza kusoma na kutekeleza, lakini si kuandika. Nambari 644 humpa mwenyewe kusoma na kuandika, na wengine kusoma tu. Nambari 600 huwafungia nje watu wote isipokuwa mwenyewe, na ndiyo inayofaa faili zenye funguo za siri. Nayo 777 humpa kila mtu kila kitu. Hupendekezwa ovyo na watu waliochoka kutafuta kiini cha hitilafu, na ni sawa na kuondoa mlango kwa sababu kitasa kimekwama.

Msimamizi anayeandika amri ya chmod moja kwa moja kwenye skrini hana la kuhofia, kwa sababu amri hiyo daima huisoma nambari kuwa ya oktali. Hatari huja anapoandika programu ya kumfanyia kazi hiyo. Lugha ya programu iitwayo C huichukulia 755 kuwa desimali. Ili isomwe kuwa oktali ni lazima iandikwe 0755, kwa sifuri mbele. Sifuri moja, ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ikikaa kushoto haina thamani, hapa ndiyo inayoamua kila kitu.

Akiisahau, tarakilishi itachukua 755 ya desimali. Gawanya kwa nane: 94 baki 3, 11 baki 6, 1 baki 3, sifuri baki 1. Katika oktali hiyo ni 1363. Moja ya mwanzo ni alama maalumu ambayo kwenye folda huzuia watu kufutiana faili. Zinazofuata ndizo zenye madhara. Mwenye faili amepata 3, yaani kuandika na kutekeleza bila kusoma. Kundi limepata 6, kusoma na kuandika. Wengine wote wamepata 3: mgeni yeyote anayeweza kuifikia folda hiyo anaweza kuiandika upya faili ambayo hata hana ruhusa ya kuisoma.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halilii. Programu haisimami wala haionyeshi onyo, kwa sababu 1363 ni ruhusa halali. Mwenyewe hugundua tu anaposhindwa kufungua faili yake, na mara nyingi hudhani ni seva iliyoharibika.

Sifuri isiyoombwa

Kuna kosa jingine lililo kinyume cha hilo, la mtu ambaye hakutaka oktali lakini akaipata. Muuzaji anayepanga bei zake ziwe na tarakimu nne zilizolingana anaweza kuandika 0750 ndani ya programu yake, akimaanisha shilingi 750. Katika C, na pia katika Java, hiyo ni 488. Shilingi 262 zimepotea katika kila mauzo, na hakuna mwizi wa kushikwa. Akiandika 0890, programu itakataa kabisa, maana 8 na 9 si tarakimu za oktali. Kukataliwa huko ni heri.

Waandishi wa programu fupi za Bash, inayotumika sana katika Linux, wanalijua tatizo hili kwa tarehe. Mfumo huandika miezi kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03. Programu inayofanya hesabu kwa nambari ya mwezi huenda salama kuanzia Januari hadi Julai, kwa sababu 01 hadi 07 ni zile zile katika mifumo yote miwili. Tarehe mosi Agosti husimama, kwani 08 si oktali. Hulala hadi mwisho wa Septemba, kisha Oktoba huamka yenyewe, kwa kuwa 10 haina sifuri mbele. Inayotumia saa badala ya miezi hukwama kila siku kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wakati mashine inaposoma 08 na 09. Mtu anayetafuta kosa bila kujua habari za oktali anaweza kuwalaumu hata mafundi wa umeme.

JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za wavuti, ilikuwa na ubaya zaidi. Kwa miaka mingi, vivinjari vingi vilipoombwa kuigeuza "08" kuwa nambari vilirudisha sifuri bila kulalamika, na aliyezaliwa Agosti akajikuta ana mwezi wa sifuri kwenye fomu. Kanuni mpya za lugha hiyo za mwaka wa 2009 ziliondoa tafsiri hiyo. Python nayo, katika toleo la 3 lililotoka Desemba 2008, ilikataa sifuri tupu na kutaka oktali iandikwe kwa sifuri na herufi o, kama vile 0o755. PHP iliongeza mtindo huo mwaka wa 2021. C na Java zingali zinaishikilia sifuri ya kale, kwa kuwa programu nyingi mno tayari zinaitegemea.

Mwaka uo huo wa 2021 ulionyesha kwamba si bei na tarehe pekee zilizo hatarini. Anwani za intaneti huandikwa kwa nambari nne zilizotenganishwa na nukta, na anwani 127.0.0.1 humaanisha tarakilishi yenyewe. Baadhi ya programu huruhusu sehemu hizo ziandikwe kwa oktali. Kwa kuwa 64, 56 na 7 zikijumlishwa ni 127, anwani 0177.0.0.1 ni njia nyingine ya kuandika ile ile.

Ilibainika kuwa netmask, programu saidizi iliyotumiwa na watayarishaji wengi wa JavaScript, iliidondosha sifuri na kusoma 177.0.0.1, anwani ya mbali kabisa. Wiki chache baadaye dosari ya aina hiyo ilitangazwa katika sehemu ya Python inayoshughulikia anwani. Hatari yake ni ya mlinzi na mwenyeji wasiosikilizana. Mlinzi husoma 177 akadhani mgeni anaelekea mbali, akamruhusu. Sehemu ya ndani husoma 127 na kumfungulia mlango wa nyumba yenyewe. Dosari zote mbili zilirekebishwa.

Angani

Mahali ambapo oktali haimdhuru mtu, na ambapo abiria huitegemea bila kujua, ni katika ndege. Kila ndege kubwa hubeba transponda, chombo kinachojibu rada kwa kutaja nambari ya tarakimu nne ambayo mwongozaji wa safari za ndege amempa rubani. Tarakimu hizo ni 0 hadi 7 tu, kuanzia 0000 hadi 7777, na kwa hivyo kuna nambari 4096. Chombo hutuma biti 12, tatu kwa kila tarakimu.

Nambari tatu zimetengwa duniani kote: 7500 kwa ndege iliyotekwa, 7600 kwa iliyopoteza mawasiliano ya redio, na 7700 kwa dharura. Katika desimali ni 3904, 3968 na 4032, lakini rubani hana haja ya kujua hilo. Hakuna anayeigeuza 7700. Huitamka tarakimu moja moja, akazungusha kitufe, na 8 haimo kwenye kitufe hicho hata akiitafuta.

Kwa walio ardhini wanaotayarisha programu, namna hiyo ya kuzitazama nambari inafaa pia kwa simu. Nambari ya simu ya Kenya huanza kwa sifuri, na hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya. Ikihifadhiwa kama nambari, sifuri hudondoka, au katika lugha zenye mtindo wa kale nambari nzima hugeuka nyingine. Huhifadhiwa kama maandishi, sawa na jina la mtu, na vivyo hivyo nambari za vitambulisho, za akaunti za benki na za risiti.